Mikael Agricola, Askofu Aliyeipa Lugha ya Kifini Maandishi

Mikael Agricola alizaliwa yapata mwaka 1510 katika kijiji cha Torsby, usharika wa Pernaja, kusini mwa Ufini, nchi iliyokuwa chini ya ufalme wa Uswidi. Baba yake alikuwa mkulima. Alisoma katika mji wa Viipuri, upande wa mashariki, kisha mwaka 1528 akahamia Turku, magharibi, akawa karani wa Askofu Martinus Skytte. Askofu huyo alimtuma Wittenberg mwaka 1536, akafundishwa na Martin Luther na Philipp Melanchthon. Mwaka 1539 alirejea Turku akiwa mkuu wa shule ya Kanisa Kuu.

Matengenezo ya Kanisa yalidai ibada katika lugha ya watu, lakini Kifini kilikuwa hakijapata vitabu, nacho kilisemwa kwa lahaja nyingi. Hata leo, kwa kusema mimi, watu wa Turku hutamka mää, na wa kusini-mashariki mie. Msitu ni mettä kwa wengi wa magharibi, na mehtä kwa baadhi ya watu wa mashariki na kaskazini. Kuchagua lahaja moja kuliweza kuwafanya wengine wajione wageni mbele ya Neno la Mungu.

Agricola alishika lahaja ya Turku, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa makao ya askofu, akaongeza maneno kutoka Häme, Karelia na kwingineko. Sauti mbili zilimpa taabu, zinazokaribiana na th ya thelathini na dh ya dhambi. Ile ya kwanza, katika neno la msitu, aliiandika tz. Wasomaji wa baadaye walifuata herufi kuliko masikio. Hivyo Kifini sanifu husema metsä, na mahali pa dh pakawa d.

Alitoa kitabu cha alfabeti mwaka 1543, cha sala mwaka 1544, Agano Jipya mwaka 1548 na Zaburi mwaka 1551. Mwaka 1554 aliwekwa kuwa Askofu wa Turku. Akirudi kutoka Moscow katika ujumbe wa amani, alifariki njiani tarehe 9 Aprili 1557, akazikwa Viipuri. Biblia nzima ya Kifini ilitoka mwaka 1642. Kila tarehe 9 Aprili Wafini huiadhimisha lugha yao, nao humkumbuka mtumishi huyu aliyewakusanya wenye lahaja mbalimbali kwenye kitabu kimoja.