Willis Carrier, mhandisi aliyeanza na unyevu kabla ya kutafuta baridi

Kindu, Maniema – Katika nyumba na ofisi za Kindu zenye kiyoyozi, kile ambacho mafundi wengi wanaita klimatizeri, mara nyingi ukuta ndio huharibika kwanza. Rangi inavimba, ukungu mweusi unapanda, na siku moja maji yanafika kwenye sanduku la umeme. Mwenye nyumba anasema mashine ni mbaya. Mashine kwa kweli imefanya kazi iliyotengenezewa: imetoa maji katika hewa. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeyafikiria maji hayo yaende wapi.

Willis Haviland Carrier, Mmarekani anayejulikana kama baba wa klimatizeri ya kisasa, alianzia hapo hapo, kwenye maji.

Alizaliwa tarehe 26 Novemba 1876 huko Angola, kijiji cha jimbo la New York karibu na ziwa Erie, si nchi jirani ya Congo. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alipokuwa mtoto, hesabu za mafungu zilimshinda, na mama yake akamfundisha kwa kukata matofaa vipande vipande mpaka akaelewa. Mama huyo alifariki Willis akiwa na umri wa miaka 11. Pesa ya masomo haikuwepo, kwa hiyo kijana alifundisha shule kwa muda, kisha akapata nafasi ya kusoma bila malipo katika chuo kikuu cha Cornell. Chakula na nyumba alivitafuta mwenyewe, akikata majani na kuwasha majiko ya watu. Alimaliza uhandisi mwaka 1901 na kuajiriwa na Buffalo Forge, kampuni ya feni na mitambo ya kupasha joto, kwa dola 10 kwa juma.

Mwaka uliofuata aliletewa shida ya kiwanda cha uchapaji cha Sackett & Wilhelms, mjini Brooklyn. Kiwanda hicho kilichapa picha za rangi, na karatasi ilipita mashineni mara kadhaa, kila rangi kwa zamu yake. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, karatasi ilitanuka, ikikauka, ilijikunja. Rangi ya pili haikuangukia juu ya ile ya kwanza, na kazi ya siku nzima ilitupwa. Wenye kiwanda hawakulalamikia joto la wafanyakazi. Walitaka karatasi itulie.

Michoro ya Carrier ina tarehe ya 17 Julai 1902. Alipitisha hewa juu ya mabomba yenye maji baridi. Hewa ikapoa, na unyevu wake ukashuka hadi kwenye asilimia 55 aliyoitaka. Mwishoni mwa mwaka huo, akingoja treni kwenye kituo cha Pittsburgh katika ukungu mzito, alitambua kwamba ukungu ni hewa iliyojaa maji kadiri inavyoweza kubeba kwa joto lile. Ukiweza kupanga joto la ukungu, umepanga pia kiasi cha maji yanayobaki katika hewa. Hati ya kulinda uvumbuzi wake aliipata tarehe 2 Januari 1906.

Mtu wa Kindu anaweza kuona jambo hilo bila kwenda chuo kikuu. Chupa ya Primus ikitoka kwenye friji na kuwekwa mezani, baada ya dakika chache inatoa jasho. Bia haijavuja. Hewa iliyoigusa chupa imepoa mpaka haiwezi tena kubeba maji yake, ikayaacha juu ya kioo. Ndani ya klimatizeri kuna mabomba baridi kama chupa ile, na feni inayoyaletea hewa mpya kila dakika. Katika mji ulio kando ya mto Lualaba, digrii 3 tu kusini mwa ikweta, mashine ya chumba kimoja inaweza kutoa lita 1 ya maji au zaidi kwa saa. Mashine ikifanya kazi usiku kucha, maji yake yanajaza ndoo.

Ndiyo maana ile tiyo ndogo ya maji si kitu cha kumalizia kazi kwa haraka. Maji hayo hayasukumwi na chochote, yanateremka tu. Tiyo inatakiwa kushuka angalau sentimita 1 kwa kila mita, bila kupanda hata mahali pamoja. Ikipinda kuelekea juu, maji yanasimama, uchafu unaota humo, na sahani ya ndani inafurika chumbani. Mdomo wake usizame katika dimbwi wala usiungwe moja kwa moja kwenye shimo la choo, kwani harufu itarudi ndani. Na usiishie juu ya kiungo cha nyaya. Hilo la mwisho linapaswa kuwa wazi kwa kila mtu, lakini halipo wazi kwa kila fundi.

Carrier aliendelea kuhesabu. Mwaka 1911 aliwasilisha mbele ya wahandisi wenzake kanuni zinazounganisha joto, unyevu na kiwango cha umande, na wahandisi wanazitumia hadi leo. Mwaka 1915, baada ya Buffalo Forge kupunguza idara yake, yeye na wenzake sita walichanga dola zaidi ya 32.000 na kuanzisha kampuni yao. Mwaka 1922 walionyesha mtambo mpya wa kupoza, uliotumia dawa isiyo hatari kama amonia ya zamani. Ndipo baridi ikatoka viwandani kuwafuata watu: duka la J.L. Hudson mjini Detroit mwaka 1924, sinema ya Rivoli mjini New York mwaka 1925.

Alifariki tarehe 7 Oktoba 1950, klimatizeri ikiwa bado ni kitu cha nadra nyumbani. Mashine ya vipande viwili, kimoja ndani na kingine nje, ilienea baadaye, hasa kwa kazi ya Wajapani kuanzia miaka ya 1960.

Kipande hicho cha nje ndicho kilichobeba kompresa, na hapo maji na umeme vinakaa karibu mno. Fundi mwangalifu hukiweka juu ya zege au vyuma vya ukutani, mbali na maji ya mvua. Hukipa waya wake kutoka kwenye sanduku kuu, wa milimita mraba 2,5 kwa mashine ndogo, na disjonkteri yake peke yake, wala haungi kwenye prizi ya televisheni. Waya wa ardhi hauachwi, hata mteja akisema ni kupoteza pesa: bila huo, mtoto akigusa chuma chenye hitilafu, umeme unapita mwilini mwake. Kabla ya kuingia ukutani, nyaya hushushwa kidogo kisha kupandishwa, ili tone la mvua lidondoke chini lisiufuate waya hadi ndani. Na kwa sababu Kindu umeme wa jenereta au sola hukatika na kurudi ghafla, kompresa inahitaji kungoja kama dakika 3 kabla ya kuwashwa tena. Mashine nyingi hujipangia zenyewe, zile za zamani hapana.

Umeme ukiwa bado umezimwa, hubaki jaribio moja ambalo halina gharama. Fundi humwaga lita 1 ya maji polepole katika sahani ya kipande cha ndani, kisha hutoka nje na ndoo kuona kama lita yote imefika.