Mishima na siri iliyouzwa dukani

Hebu fikiria. Una miaka 24, umeacha kazi nzuri Wizara ya Fedha, kazi ambayo babako ndiye aliyeitaka kuliko wewe. Sasa umeandika kitabu ambacho kikitoka, wengi watahisi wameijua siri yako. Ungekichapisha?

Kimitake Hiraoka alikichapisha. Ni Tokyo, mwaka wa 1949, Japani ikiwa bado chini ya jeshi la Marekani. Pengine unamjua kwa jina la kalamu: Yukio Mishima. Jina la riwaya kwa Kiswahili ni kama Maungamo ya Barakoa (si ile ya Korona, tulia). Inamhusu kijana anayetamani wanaume huku akijilazimisha kumpenda msichana. Utoto wa kijana huyo unafanana mno na wa Mishima: nyanya mgonjwa aliyemtwaa kutoka kwa mamake akiwa mchanga, akamfungia ndani asicheze na wavulana wenzake.

Kitabu kilimfanya staa. Ujanja wake ni huu: kwa kuwa ni riwaya, aliyetaka kuamini aliamini, na asiyetaka alijiambia ni hadithi tu. Jamaa akaishi katikati hapo. Alionekana kwenye baa za mashoga kule Ginza. Mwaka wa 1955 akaanza kunyanyua vyuma hadi mwili ukajengeka, akapigwa picha kifua wazi. 1958 akaoa, wakapata watoto wawili. Wengine humwita shoga, wengine husema alipenda pande zote mbili. Mimi sitampachika jina.

Kifo chake ndicho watu hukumbuka. Novemba 25, 1970, yeye na vijana wanne wa kikundi chake waliingia kambi ya jeshi Tokyo, wakamteka kamanda. Akawahutubia wanajeshi waasi kwa ajili ya mfalme wao. Wakamzomea. Akajiua, akiwa na miaka 45.

Lakini mimi huwaza kilichofuata. Mjane wake alikana habari hizo kabisa. Kisha mwaka wa 1998 mwandishi Jiro Fukushima akatoa kitabu kuhusu mapenzi yake na Mishima, pamoja na barua alizoandikiwa. Watoto wa Mishima wakaenda kortini. Kesi yao haikuwa kwamba babao amesingiziwa. Ilikuwa ya hakimiliki ya barua. Wakashinda, kitabu kikaondolewa sokoni.

Ile riwaya ya 1949 bado inauzwa.