Marc-Vivien Foé: Kiungo aliyeanguka uwanjani bila kuguswa na mtu

Juni 26, 2003. Nusu fainali ya Kombe la Mabara, Cameroon dhidi ya Colombia, Uwanja wa Gerland mjini Lyon, Ufaransa. Cameroon inaongoza 1-0. Dakika ya 72, kiungo mmoja anaanguka katikati ya uwanja. Hakuna aliyemgusa.

Alikuwa Marc-Vivien Foé, miaka 28. Alitolewa kwa machela na madaktari wakahangaika naye kwa takriban dakika 45. Ikashindikana.

Kilichowachanganya wengi ni kwamba Foé alikuwa pande la mtu, mrefu, mwenye pumzi ya kukimbia dakika zote 90. Ukiambiwa utaje mchezaji mgonjwa pale uwanjani, usingemtaja yeye.

Alizaliwa Yaoundé mwaka 1975, akachezea Canon Yaoundé. Akiwa na miaka 19 tayari alicheza Kombe la Dunia 1994 kule Marekani, kisha Lens ya Ufaransa wakamchukua.

Mwaka 1998 aliipa Lens ubingwa wa ligi. Manchester United walikuwa wanamtaka, lakini akavunjika mguu kabla ya Kombe la Dunia la mwaka huo. Dili likafa, na fainali zile akazikosa.

Hakukata tamaa. Alienda West Ham, akarudi Ufaransa kuchezea Lyon na kubeba ubingwa wa 2002. Akiwa na Cameroon alitwaa Afcon mara mbili mfululizo, 2000 na 2002.

Msimu wake wa mwisho alikuwa Manchester City kwa mkopo, akafunga mabao 9 ya ligi. Bao la mwisho la City kwenye uwanja wao wa zamani wa Maine Road lilikuwa lake, Aprili 2003. Miezi miwili baadaye akawa hayupo tena.

Uchunguzi wa kwanza wa mwili haukutoa jibu. Wa pili ndo ukaonyesha tatizo: misuli ya moyo wake ilikuwa minene kupita kawaida.

Ugonjwa huu mara nyingi hurithiwa kwenye familia, na unakadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 500. Wengi huishi nao bila kujua. Hatari ipo pale mtu anapojituma sana: mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika ghafla, damu ikaacha kufika kwenye ubongo, mtu akaanguka.

Siku tatu baadaye Cameroon ilicheza fainali na Ufaransa, ikafungwa 1-0 kwa bao la Thierry Henry. Manahodha Rigobert Song na Marcel Desailly walilishika kombe pamoja, picha kubwa ya Foé ikiwa pembeni. City wakaistaafisha jezi yake namba 23.

Kuanzia Kombe la Dunia 2006, FIFA ikaweka utaratibu wa kuwapima wachezaji moyo kabla ya mashindano. Mashine za kushtua moyo nazo zikawa jambo la kawaida kwenye viwanja vikubwa.

Matunda yake yameonekana. Machi 2012, moyo wa Fabrice Muamba wa Bolton, mzaliwa wa DR Congo, ulisimama kwa dakika 78 lakini akapona. Juni 2021, Christian Eriksen wa Denmark alianguka kwenye Euro, akashtuliwa moyo palepale na baadaye akarudi uwanjani.

Ila kipimo na mashine havifiki kila uwanja. Kama unacheza, hata mechi za mtaani tu, na umewahi kuzimia ukikimbia, unabanwa kifua, au kwenu kuna ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana, usiseme ni uchovu. Nenda hospitali ukapimwe moyo kabla ya mechi ijayo.