William Herschel, Mpiga Kinanda Aliyejifunza Kuona

Katika mji wa Hannover, nchi ya Ujerumani, palikuwa na mpiga zumari wa kikosi cha askari, jina lake Isaak Herschel. Mshahara wake ulikuwa mdogo na watoto wake walikuwa wengi. Walizaliwa kumi, wakakua sita. Mtu huyu hakupata elimu kubwa, lakini aliipenda, na usiku wa baridi, mbingu zilipokuwa safi, aliwatoa watoto wake nje awaonyeshe makundi ya nyota. Mmoja wa watoto hao alizaliwa tarehe 15 Novemba 1738, akaitwa Friedrich Wilhelm. Baadaye Waingereza walimwita William, na kwa jina hilo anajulikana hata leo.

William alipokuwa na umri wa miaka 14 aliingia katika kikosi cha baba yake, naye akapiga zumari. Mwaka wa 1757 vita vikaja, Wafaransa wakaishinda Hannover, na wazazi wake wakaona ni afadhali kijana aondoke. Akavuka bahari mpaka Uingereza, mali yake ikiwa ni ufundi wa muziki tu. Akapata riziki kwa kunakili karatasi za muziki na kufundisha, huku akienda mji hata mji, mpaka mwaka wa 1766 alipopewa kazi ya kupiga kinanda katika kanisa la Octagon, mjini Bath. Huko alitulia. Kanisani alipiga kinanda na kuongoza waimbaji, na majuma mengine alifundisha masomo zaidi ya 30 nyumbani mwa matajiri.

Mwaka wa 1772 alikwenda Hannover kumchukua dada yake Caroline. Binti huyu, aliyezaliwa mwaka wa 1750, aliugua homa kali utotoni, akabaki mfupi sana maisha yake yote. Mama yao alitaka awe mtumishi wa nyumbani tu, wala hakutaka ajifunze zaidi ya kushona na kusoma kidogo. Hakumwachilia mpaka William alipoahidi kumpa fedha kila mwaka za kumwajiri mtumishi mwingine. Basi Caroline akaenda Bath, akajifunza kuimba, hesabu, na Kiingereza.

Sasa tuangalie jinsi mpiga kinanda alivyofika kwenye nyota. William alisoma kitabu cha kanuni za sauti, kilichoandikwa na mtaalamu Robert Smith. Alipokimaliza akatafuta kitabu kingine cha mtu yule yule, nacho kilikuwa cha nuru na vioo vya kutazamia. Kutoka hapo akaingia katika vitabu vya elimu ya nyota. Jioni, akiwa amechoka kwa kufundisha mchana kutwa, alikwenda kitandani na bakuli la maziwa na kitabu, akalala usingizi akisoma. Lakini kusoma hakukumtosha. Alitaka kuyaona kwa macho yake mambo aliyoyasoma.

Mwaka wa 1773 akakodi darubini ndogo. Alipoona uzuri wa mbingu kwa chombo kile, akauliza bei ya kubwa zaidi, na bei ilikuwa juu ya uwezo wake. Ikatokea kwamba mtu mmoja wa Bath alikuwa ameacha kazi ya kusugua vioo, naye akamwuzia vyombo vyake. Ndipo William alipoanza kujitengenezea darubini.

Inafaa tueleze kazi hiyo. Kioo cha darubini ya namna ile hakikuwa cha bilauri, bali cha madini, shaba nyekundu na bati zilizoyeyushwa pamoja. Uso wake huchongwa uwe na bonde kidogo kama sahani, kisha husuguliwa mpaka ung'ae. Nuru ya nyota huingia katika bomba, huanguka juu ya uso huo, nao huikusanya mahali pamoja, hapo mtu aitazame kwa kioo kidogo cha kukuza. Kama bonde lile si sawasawa, nyota huonekana kama doa lililotapakaa. Basi hesabu ya kioo ni kali, na mkono wa fundi hauwezi kuharakisha. Nyumba yao ikageuka karakana: sebuleni seremala akitengeneza bomba na miguu ya darubini, na katika chumba cha kulala ndugu yao Alexander akizungusha mashine ya kukerezea. Mara moja William alisugua kioo muda wa saa 16 bila kuondoa mikono, naye Caroline akamlisha tonge kwa tonge na kumsomea hadithi ili asichoke.

Kazi hiyo ilikuwa na hatari pia. Mwaka wa 1781, walipojaribu kuyeyusha kioo kikubwa chini ya nyumba, Caroline alitwanga na kuchunga mavi ya farasi kwa kutengeneza kalibu. Lakini chombo kikapasuka, madini ya moto yakamwagika sakafuni, na mawe ya sakafu yakaruka huku na huku, hata mafundi wakakimbia kuokoa maisha yao.

Tarehe 1 Machi 1774 alianza daftari lake la nyota. Usiku ule aliandika habari za pete ya Zohali na za wingu la nuru lililo katika kundi la Orion. Hakuwa na mnara wala jumba la wataalamu. Mwisho wa mwaka 1779 alikaa katika nyumba isiyo na nafasi nyuma yake, akaiweka darubini barabarani mbele ya mlango, apime urefu wa milima ya mwezi. Daktari mmoja, William Watson, alikuwa akipita, akaomba kutazama. Akastaajabu jinsi mwezi ulivyoonekana, na kesho yake akarudi kumshukuru. Urafiki huo ulimfungulia Herschel mlango kwa watu wa elimu.

Tufike sasa kwenye usiku uliomfanya ajulikane. Tarehe 13 Machi 1781, kati ya saa nne na saa tano usiku, Herschel alikuwa katika bustani nyuma ya nyumba namba 19, New King Street. Darubini yake ilikuwa na urefu wa futi 7, na kioo chake kilikuwa na upana wa inchi 6 na kidogo. Wala hakuwa akitafuta sayari. Alikuwa amejiwekea kazi ya kutazama nyota zote zenye mwangaza wa kadiri fulani, moja baada ya moja, pasipo kuruka hata moja. Kati ya pembe za Ng'ombe na miguu ya Mapacha akaona nyota moja isiyofanana na wenzake. Akabadili kioo cha kukuza, kutoka mara 227 mpaka 460, kisha 932. Nyota nyingine zilibaki kama nukta, lakini hii ikazidi kuwa pana kama duara. Siku nne baadaye akaitazama tena, akaona imehama mahali pake.

Herschel alidhani ni nyota yenye mkia. Lakini wataalamu wa hesabu walipoifuata njia yake, wakatambua kwamba ni sayari, iliyo mbali na jua karibu mara mbili kuliko Zohali, na inayolizunguka jua kwa miaka 84. Tangu zamani watu walijua sayari mpaka Zohali tu. Hii ndiyo ya kwanza kugunduliwa kwa darubini. Leo inaitwa Uranus.

Jambo la kuangaliwa sana ni hili. Herschel si mtu wa kwanza kuiona. Mwingereza Flamsteed aliiandika katika orodha yake mwaka wa 1690, akidhani ni nyota tu. Mfaransa Lemonnier aliiona mara nyingi kati ya mwaka 1750 na 1769, naye hakuitambua. Hao walikuwa wataalamu wakubwa wenye vyombo vizuri. Basi kwa nini mpiga kinanda aliitambua? Ni kwa sababu kioo chake kilisuguliwa kwa uaminifu, na kwa sababu jicho lake lilikuwa limezoezwa miaka saba. Mwenyewe alisema kwamba kuona ni ustadi unaopasa kufunzwa, kama mtu ajifunzavyo kupiga kinanda. Mwanafunzi wa kinanda hategemei kucheza wimbo mgumu siku ya kwanza. Vivyo hivyo anayetazama mbinguni asitegemee kuona yote usiku wa kwanza.

Mwaka wa 1782 Mfalme George wa Tatu, aliyekuwa mtawala wa Hannover pia, alimpa Herschel pauni 200 kwa mwaka ili aache muziki na kushughulika na nyota. Kipato chake kikapungua, lakini alikubali. Caroline alikaa usiku kucha karibu naye akiandika aliyoyaona, hata wino ulipoganda kwa baridi. Usiku wa mwisho wa mwaka 1783, akikimbia katika theluji, aliangukia kulabu ya chuma iliyomwumiza mguu vibaya. Tangu mwaka 1786 mpaka 1797 aligundua mwenyewe nyota nane zenye mkia, na tangu mwaka 1787 Mfalme alimpa mshahara wake wa pauni 50. Orodha za mawingu ya nuru na makundi ya nyota kama 2,500 zinajulikana kwa jina la kaka yake, lakini kalamu yake yeye imo ndani yake.

Herschel hakukosa makosa. Aliamini kwamba jua lina wakazi, na hilo si kweli. Tena alijenga darubini kubwa mno ya futi 40, iliyogharimu pauni 4,000 za Mfalme. Mwaka wa 1789 aliona kwayo miezi miwili ya Zohali, lakini ilikuwa nzito na ya kusumbua, hata kazi yake nyingi aliifanya kwa ile ya futi 20. Kubwa halikushinda linalofaa.

Alifariki Slough tarehe 25 Agosti 1822, mwenye umri wa miaka 83, akazikwa katika kanisa la Upton. Caroline alirudi Hannover, akaishi mpaka mwaka wa 1848, karibu miaka 98. Mwanawe William, John Herschel, aliichukua darubini ya futi 20 mpaka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa bara letu, na tangu mwaka 1834 mpaka 1838 akazihesabu nyota za kusini ambazo baba yake hakuweza kuziona kutoka Uingereza. Sisi tukaao karibu na ikweta tunaweza kuziona za baba na za mwana.

Msomaji anayetamani kuanza, na azijue kwanza nyota kwa macho matupu, kama mkulima anavyokijua Kilimia. Akipata darubini ndogo, aanze na mwezi unapokuwa nusu, kwa maana ndipo vivuli vya milima yake vinapoonekana wazi. Kisha Mshtarii na miezi yake minne, na pete ya Zohali. Aandike tarehe, saa, na aliyoyaona. Lakini asilitazame jua kamwe kwa darubini isiyo na kinga iliyo hakika, maana atapofuka. Herschel alipokuwa akijaribu vioo vya rangi vya kulitazama jua, aliona kwamba joto hupita hata pasipo nuru. Akaweka vipimajoto, na mwaka wa 1800 akagundua mionzi isiyoonekana kwa jicho. Hata katika tahadhari yake alikuwa akijifunza.

Nyumba ile ya New King Street ingali ipo, na watu huitembelea. Bustani yake ni ndogo tu.