Hayati Blasio Kigozi, Aliyeliamsha Kanisa Lililolala

Katika toleo hili la kumbukumbu tumeona vema kuwaletea habari za mtu aliyefariki zamani, lakini kazi yake ilifika mpaka huku kwetu Manibe, Arua na Koboko.

Wengi wetu tulivuka mpaka tukiwa na Biblia ndani ya mzigo. Biblia bado ipo, ila moto umepungua. Jumapili tunaimba, tunasikiliza matangazo, tunarudi nyumbani. Na jirani tuliyegombana naye kwenye foleni ya maji hatujamsalimu hadi leo. Kwaya mbili za lugha mbili zinatumia kanisa moja, na kila moja imefungia ngoma yake kwa kufuli. Kwa sababu hiyo habari za Kigozi zinatuhusu.

Blasio Kigozi alikuwa Muganda, mdogo wake Simeoni Nsibambi. Kabla ya kumweleza yeye, lazima tumtaje daktari mmoja Mwingereza, Joe Church, aliyefanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda. Mwaka 1928 na 1929 njaa kubwa iliipiga nchi ile. Daktari alihudumia wenye njaa na wagonjwa mpaka yeye mwenyewe akachoka mwili na roho. Mwaka 1929 alikuja Kampala kupumzika, na huko Namirembe akakutana na Nsibambi. Watu hao wawili, Mzungu na Mwafrika, walikaa pamoja wakisoma Biblia na kusali, wakakiri kwamba kila mmoja alikuwa na upungufu. Katika siku zile za ukoloni jambo hilo halikuwa la kawaida. Ndugu zetu wa misaada mliochoka, oneni kwamba uamsho huu ulipita pia katika moyo wa mtu wa misaada aliyechoka.

Kigozi naye aliacha nyumbani akaenda kutumika Gahini. Alikuwa mgeni katika nchi ya watu, mwenye lugha nyingine na desturi nyingine. Mwaka 1934 alipewa ushemasi, na kazi yake ilikuwa kuongoza shule ya wainjilisti. Kwa nje mambo yalikwenda sawa: masomo yalifundishwa na ibada zilifanyika. Lakini Kigozi aliona kwamba kazi yake haikuzaa alichotarajia.

Mtu mwingine angewalaumu wanafunzi, au angesema vifaa havitoshi. Kigozi alianza na nafsi yake. Mwaka 1935 alijitenga kwa muda wa juma moja, akasali na kujichunguza mbele ya Mungu. Alipotoka alikuwa mtu mwingine. Alisema waziwazi juu ya dhambi, toba na msalaba, na watu wakaanza kutubu, kurudisha walichoiba na kupatana na adui zao. Wengine walikasirika, maana si kila mtu hupenda kuamshwa. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo alikwenda Kabale pamoja na Nsibambi, daktari Church na ndugu wengine kuhubiri, na moto ukaenea Kigezi.

Mwezi wa Januari 1936 alifika Namirembe ili azungumze mbele ya Sinodi ya Kanisa la Uganda. Alitayarisha mambo matatu: ubaridi wa Kanisa na sababu yake, watu wanaoishi katika dhambi ya wazi huku wakiruhusiwa kwenye Meza ya Bwana, na haja ya Kanisa kuamka. Lakini alishikwa na homa ya papasi, akafariki Mengo kabla ya kusimama mbele ya Sinodi. Alikuwa hajatimiza hata miaka thelathini.

Watu wangeweza kusema kwamba mambo yake yamekwisha. Haikuwa hivyo. Mambo yale matatu yalifikishwa kwa Sinodi, na neno lake la Kiganda, Zukuka, yaani Amka, likawa wito wa Kanisa zima lilipojiandaa kwa sikukuu ya miaka 60 mwaka 1937. Kutoka hapo uamsho ulienea Kenya, Tanganyika, Burundi na Kongo. Baada ya mwaka 1959 wakimbizi wa Rwanda waliubeba pia walikokimbilia.

Kwetu West Nile, misheni ya Africa Inland Mission ilikuwa imeanza Arua mwaka 1918. Mwaka 1948 uamsho uliletwa huku na Eliya Lubulwa, Muganda aliyekuwa mganga wa hospitali. Wafuasi wake walihubiri sokoni na barabarani kwa vipaza sauti vya mkono, hata wakaitwa wapiga tarumbeta, na ujumbe ukavuka hadi Aru upande wa Kongo. Ni kweli kelele zao ziliwaudhi wazee wengi wa Kanisa, na mafarakano yakatokea. Basi tujifunze na hilo pia: moto hupika chakula, lakini ukiachwa bila mtu wa kuutunza, huunguza nyumba.

Ndugu, Kigozi hakuanza kwa mkutano mkubwa wala kwa fedha za wafadhili. Alianza chumbani mwake, peke yake, kwa kujiuliza kosa liko wapi upande wake. Hilo linawezekana hata ndani ya hema. Aliyechukua mgawo wa mwenzake aurudishe. Aliyegombana na jirani atangulie kubisha hodi. Wanakwaya wafungue kufuli zile. Na ndugu zetu Waislamu, ambao hatuna tofauti nao katika shida za maji na kuni, waone badiliko hilo kwa matendo yetu kabla ya kusikia mahubiri.

Jumapili ijayo tusingoje mchungaji atuamshe. Kila mtu aanze kwake.

Mungu awabariki.