Abdulrahman Babu: Mzanzibari aliyetukutanisha na China, Marekani ikanuna

Ukiishi Magindu au Kwala, huku Kibaha Vijijini, kumwona Mchina si habari tena. Kwala ina bandari kavu ya Serikali, na kuna eneo la viwanda linaloendelezwa na wawekezaji kutoka China. Wengi wanadhani mambo haya yameanza juzi. Hapana. Yana zaidi ya miaka 60, na mmoja wa waliofungua mlango ni Abdulrahman Mohamed Babu.

Babu alikuwa nani?

Alizaliwa Zanzibar Septemba 1924. Mwaka 1951 akaenda London kusoma, akafanya kazi ya ukarani posta, huku akijichanganya na wapigania uhuru wa Afrika. Aliporudi mwaka 1957 akawa katibu mkuu wa chama cha ZNP, maarufu kama Hizbu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa ameshafika China, wakati viongozi wengi wa Afrika bado hawajaikanyaga. Akawa pia mwandishi wa Xinhua, shirika la habari la nchi hiyo. Waingereza walimfunga kwa uchochezi mwaka 1962. Alipotoka mwaka 1963 akaachana na ZNP, akaanzisha Umma Party.

Marekani yapata presha

Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, Babu akawa Waziri wa Mambo ya Nje wa Zanzibar. Washington hawakulala. Ilikuwa Vita Baridi, na Wamarekani waliogopa kisiwa kisije kugeuka Cuba ya Afrika. Jina walilolitazama kwa jicho la wasiwasi zaidi lilikuwa la Babu.

Muungano ulipokuja Aprili 26, 1964, akaingia serikali ya Dar es Salaam. Baadaye akapewa wizara ya biashara, na hapo ujuzi wake wa China ukawa mali.

Reli ambayo wakubwa waliikataa

Zambia ilikuwa na shaba lakini haina bahari. Mzigo wake ulipita Rhodesia, na Novemba 1965 walowezi wa huko wakajitangazia uhuru wao. Kenneth Kaunda alihitaji njia nyingine haraka. Benki ya Dunia na nchi za Magharibi zikasema reli ya kwenda Dar es Salaam hailipi.

China ikasema itajenga. Mwalimu Nyerere alikwenda Beijing Februari 1965, na Babu alikuwa miongoni mwa waliosukuma jambo hilo. Mkataba ukasainiwa Septemba 1967, ujenzi ukaanza 1970, na reli ya TAZARA yenye kilomita 1,860 ikakabidhiwa Julai 1976.

Mkopo haukuwa na riba, ila haukuwa wa bure. Gharama za ndani zililipwa kwa fedha za mauzo ya bidhaa za China, ndiyo maana maduka ya wakati ule yalijaa vitu vya Kichina. Na zaidi ya Wachina 60 walifia kwenye kazi hiyo.

Marekani nayo haikukaa kando. Ikagharimia sehemu ya barabara ya kwenda Zambia. Malori yanayopita Maili Moja, Kibaha, kuelekea Tunduma leo yanafuata njia hiyo. Kwa hiyo wakubwa wawili waligombana, sisi tukapata reli na barabara.

Kilichomkuta Babu

Reli ilipokabidhiwa, Babu hakuwepo kwenye sherehe. Alikuwa kizuizini. Aliachwa nje ya baraza la mawaziri mapema 1972, na Rais Abeid Karume alipouawa Aprili 7 mwaka huo, Babu akakamatwa. Mahakama ya Zanzibar ikamhukumu kifo akiwa hayupo mbele yake, maana Nyerere alikataa kumpeleka visiwani. Akatoka mwaka 1978.

Halafu akaenda wapi? Marekani! Mtu aliyeogopwa na Washington akawa anafundisha kwenye vyuo vyao, California na Massachusetts, kabla ya kuhamia London. Mwaka 1981 akatoa kitabu kilichokosoa siasa ya Ujamaa. Hoja yake ilikuwa moja: nchi inayouza malighafi na kununua kila kitu kutoka nje itabaki maskini, hata ikibadilisha rafiki.

Mwaka 1995 alirudi kwenye siasa, akateuliwa mgombea mwenza wa Augustino Mrema wa NCCR-Mageuzi, akaenguliwa. Alifariki London Agosti 5, 1996, akazikwa Zanzibar.

Mchezo umerudi

Septemba 2024, Tanzania, Zambia na China zilisaini Beijing makubaliano ya kuifufua TAZARA. Upande wa pili, Marekani inaunga mkono reli ya Lobito inayopeleka madini ya Congo na Zambia Angola, bahari ya Atlantiki. Shaba ni ileile, wanaoigombea ni walewale.

Kipimo cha Babu bado kinafaa hapa Kibaha. Kiwanda kikifunguliwa, usiulize tu bendera ya mwenye nacho. Uliza kijana wa Magindu atafundishwa kazi gani, mkulima atauza nini pale, na ni nini kitakachotoka kimeshatengenezwa badala ya kupakiwa kikiwa kibichi.