Askofu Steere na Sauti ya Herufi

Mtoto wa darasa la kwanza akifundishwa kwamba kila herufi ina sauti yake, naye akaikuta ahadi hiyo ikitimia karibu katika kila neno la Kiswahili, anakula matunda ya jasho la Edward Steere. Hakuwa Mkatoliki, bali Mwanglikana. Hata hivyo haki yake apewe.

Alizaliwa London mwaka 1828, akasomea sheria, kisha akawa kasisi wa parokia ya shamba. Mwaka 1864 alifika Unguja pamoja na Askofu Tozer. Sultani Majid aliwakabidhi wavulana watano waliotolewa utumwani, nao wakawa wanafunzi wao wa kwanza.

Watu wa pwani walikuwa wameandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tangu zamani, na tenzi zao zashuhudia ustadi wao. Lakini herufi hizo, zisipoongezewa alama, hazina p, ch wala v, na irabu mara nyingi huachwa. Msomaji hana budi kulijua neno kabla ya kulisoma. Krapf alikwisha kutumia herufi za Kirumi kule Mombasa. Steere alishika kanuni nyepesi: konsonanti zitamkwe kama za Kiingereza, irabu kama za Kitaliano. Tena hakuanza na herufi tupu. Alikusanya hadithi kutoka vinywani mwa watu wa Unguja, akazichapa mwaka 1870, mwaka uleule wa kitabu chake cha sarufi. Kiunguja hicho ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa Kiswahili sanifu.

Walimu wa Singida wasilisahau jambo hilo la hadithi. Mtaala wa kusoma, kuandika na kuhesabu wa mwaka 2015 ulitilia mkazo sauti za herufi, na ni vema. Lakini Kinyaturu kina irabu saba, Kiswahili tano. Na mtoto aweza kutamka ja-ha-zi bila kosa, asijue ni kitu gani, ingawa ziwa Singidani analiona kila siku. Mwalimu anayempima kwa matamshi peke yake atampa alama zote. Amwulize pia habari aliyoisoma, naye aisimulie kwa maneno yake.

Steere alifanywa askofu mwaka 1874. Alijenga kanisa kuu la Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa, akafa mwezi wa Agosti 1882, akazikwa nyuma ya altare yake.